Si Nasaba, Mjomba: Maungamo ya Mfasiri wa Nyumbani

Wahenga walilonga kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo nilifunzwa nikiwa shule ya msingi, nikaitia katika insha nyingi, na kila nilipoitumia mwalimu alinitilia alama ya vyema. Hata hivyo, sikuijua maana yake hadi mwaka wa 2022, nilipojikwaa ulimi sebuleni mwa mjomba wangu huku nikijiona mfasiri hodari. Makala haya ni maungamo ya kosa hilo. Nimeona niyalete katika jarida la chama chetu kwa sababu kosa lenyewe lilitokana na neno la Kiswahili, tena neno tunalolitumia bila wasiwasi katika mihadhara na magazeti. Iwapo sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha hii hatutalijadili, sijui ni nani atakayelijadili.

Mjomba ni fundi wa cherehani mjini Voi. Kabla ya kufungua kibanda chake alifanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River. Mnamo mwaka wa 2005 alianza kuendesha, choo kikichanganyika na damu na kamasi. Kama ilivyo desturi ya kwetu, kila aliyemwona alimwambia kuwa ni amiba. Alimeza dawa za amiba akapata nafuu, maradhi yakarudi. Akameza tena, yakarudi tena. Miaka mitano ikapita vivyo hivyo. Mwaka wa 2010 alipelekwa Nairobi, akapitishwa kamera nyembamba katika njia ya haja kubwa, ndipo ikabainika kuwa amiba hakuwa nayo. Alikuwa na kolaitisi ya vidonda, maradhi ambayo kinga ya mwili hupoteza mizani na kuushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, utando ukawa mwekundu, ukachubuka na kuvuja damu. Alipewa dawa, damu ikapungua kisha ikakoma, akanawiri, akarejea kwenye cherehani yake. Machoni petu alikuwa amepona.

Mwaka wa 2022, katika mojawapo ya ziara zake za kliniki, daktari alimpa barua ya Kiingereza. Barua ilimtaka arudi kupitishwa kamera, na kuanzia hapo awe akichunguzwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili hata kama hasikii maumivu yoyote. Mjomba hakuifungua kwa mtu mwingine. Aliikunja, akaiweka ndani ya daftari la vipimo vya wateja, akaningoja nifunge chuo.

Siku niliyofika sebule ilikuwa imejaa. Mama yangu alikuwepo, mkaza mjomba alikuwepo, na jirani mmoja mtu mzima alikuwa amekuja kuchukua sare za wajukuu wake. Nilipokwisha kuwaamkia, Mjomba alinikabidhi barua, akasema, "Haya mpwa wangu, wewe ndiwe tuliyekusomesha lugha. Tusomee."

Barua ilieleza kwamba mchochota wa muda mrefu katika utumbo huleta mabadiliko ya kijenetiki, na kwamba mabadiliko hayo huweza kuishia katika saratani. Nilikohoa kidogo kama mhadhiri, nikatafsiri: "Mjomba, uvimbe sugu wa utumbo wako unabadilisha vinasaba, na vinasaba vikibadilika huzaa saratani."

Nilijivunia sentensi hiyo. Haikuwa na neno hata moja la Kiingereza. Mjomba aliniangalia kitambo, kisha akauliza polepole, "Nasaba ipi, mpwa wangu? Ya kuumeni kwangu au ya mama yangu?"

Nikacheka. Naam, nakiri kwamba nilicheka. Nikamwambia, "Si nasaba, Mjomba. Ni vinasaba." Nilisema hivyo kana kwamba kiambishi cha ngeli ya KI-VI, kikiambikwa kwenye neno, hulifuta neno lenyewe katika moyo wa anayelisikia. Mjomba hakuuliza tena. Alinishukuru, akaichukua barua, akairudisha ndani ya daftari. Mkaza mjomba aliinuka kwenda jikoni. Jirani akaaga.

Wakati huo binti mkubwa wa Mjomba alikuwa ameposwa na watu wa Taveta.

Nilirudi chuoni nikiwa na hakika kwamba nimetimiza wajibu wangu. Ilichukua takriban miaka miwili kufahamu nilichokuwa nimekitenda. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 Mama alinipigia simu, na katikati ya mazungumzo mengine akadokeza kwamba Mjomba hakwenda kupimwa. Hakwenda hata mara moja. Nilipomsaili sababu, Mama alinyamaza, kisha akaniambia mambo mawili ambayo hadi leo yananikosesha usingizi.

Jambo la kwanza lilikuwa kwamba Mjomba aliposikia "uvimbe" alifahamu kuwa tayari ana uvimbe, yaani donge la saratani, na kwamba nilikuwa nimemficha kwa huruma. La pili ndilo lililokuwa zito zaidi. Aliposikia "vinasaba" alifahamu kuwa saratani imo katika ukoo wake, kwamba aliizaliwa nayo na amewarithisha binti zake. Jirani naye alifahamu hivyo hivyo, na hakuyahifadhi aliyoyasikia. Watu wa Taveta walianza kuja kwa nadra, halafu wakaacha kuja. Mjomba alikata shauri kwamba hatapimwa, kwani jambo lisiloandikwa katika faili ya hospitali halitawafuata binti zake wadogo wawili. Alikuwa ameamua kuufia mlango ili nyumba isichafuliwe jina.

Nilikata simu nikaketi kitandani. Kisha nikafanya ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa mwaka wa 2022: nilikwenda kuisoma maana kabla ya kuitafutia maneno. Nilisoma vitabu vya tiba maktabani, nikamsumbua rafiki yangu wa kitivo cha udaktari, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Uhusiano kati ya mchochota na saratani si habari mpya. Mwanapatholojia wa Kijerumani, Rudolf Virchow, aliuwazia tangu mwaka wa 1863. Mwaka wa 1925, Burrill Crohn na mwenzake Rosenberg walieleza kisa cha saratani iliyomea katika utumbo wenye kolaitisi ya vidonda. Mwaka wa 2001, watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Eaden walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, wakakadiria kwamba kati ya wagonjwa 100 wa kolaitisi hiyo, 2 hupata saratani ya utumbo mpana baada ya miaka 10 ya ugonjwa, 8 baada ya miaka 20, na 18 baada ya miaka 30. Tafiti zilizofuata zimeonyesha viwango vya chini zaidi, hasa kwa kuwa dawa zimeboreka na watu huchunguzwa mapema. Hata hivyo, mwelekeo ni ule ule: kadiri mchochota unavyokaa na kuenea ndivyo hatari inavyozidi. Ndiyo sababu madaktari huanza kuchunguza kwa kamera takriban miaka 8 baada ya dalili za kwanza. Mjomba alikuwa amefikisha miaka 17 siku aliponipa ile barua.

Lakini saratani huingiaje? Utando wa utumbo mpana umejaa vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni. Chini ya kila kishimo mna seli mama zinazogawanyika ili kuzaa seli mpya, na utando wote hujiumba upya katika muda wa siku chache tu. Kila seli inapogawanyika hunakili maagizo yote ya jeni zake. Katika utumbo wenye mchochota kazi hiyo hufanywa penye fujo. Seli za kinga humwaga kemikali kali za oksijeni na naitrojeni ambazo huidhuru DNA, na wakati huo huo vidonda hulazimisha seli zigawanyike kwa haraka ili kuziba mapengo. Maagizo yanaharibiwa na kunakiliwa kwa pupa kwa wakati mmoja. Mwaka wa 2020, watafiti wa taasisi ya Wellcome Sanger nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kuchunguza vishimo 446 kutoka kwa wagonjwa 46, vishimo ambavyo havikuwa na saratani. Waligundua kwamba utando wenye mchochota ulikuwa na mabadiliko ya jeni takriban mara 2.4 ya yale yanayotarajiwa katika utumbo usio na ugonjwa.

Lililonishangaza zaidi lilikuwa mpangilio wa mabadiliko hayo. Mwaka wa 1990, Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Marekani walieleza jinsi saratani ya kawaida ya utumbo mpana inavyojengeka hatua kwa hatua. Kwa kawaida jeni iitwayo APC, ambayo huzuia seli zisiongezeke ovyo, ndiyo huharibika mwanzo. Kinundu kikaota, kikaonekana. Baadaye huharibika jeni iitwayo KRAS, na mwishoni TP53. Hii TP53 ndiyo hutengeneza protini ambayo mwaka wa 1992 mwanasayansi David Lane aliiita mlinzi wa jenomu: hukagua maagizo ya seli, na ikiona yamevurugika huisimamisha seli au huiamuru ife. Katika utumbo wenye mchochota mpangilio huo mara nyingi hupinduka. TP53 huharibika mapema, hata katika sehemu ambayo bado yaonekana salama, ilhali APC huharibika kwa kuchelewa au isiharibike kabisa. Kinundu cha kutahadharisha huenda kisiote. Seli zilizopoteza mlinzi hujaza kishimo, kishimo hugawanyika kikawa viwili, vikawa vinne, na eneo zima likatwaliwa na ukoo mmoja wa seli potovu huku utando ukiwa bapa na mgonjwa akila na kulala vizuri.

Hapo nikaelewa kwa nini daktari alimtaka mtu asiye na maumivu arudi kila mwaka. Nikaelewa pia upumbavu wa tafsiri yangu. Mabadiliko niliyoyataja hayakutoka kwa babu yeyote. Yalizaliwa ndani ya utumbo wa Mjomba mwenyewe, ukubwani, kutokana na miaka ya vidonda, na yangeishia humo humo. Mtu hamrithishi mwanawe jeni zilizoharibikia utumboni, kama vile asivyomrithisha kovu la goti.

Likizo ya Aprili mwaka wa 2024 nilikwenda Voi, safari hii moja kwa moja hadi kibandani, asubuhi kabla ya wateja. Mjomba alikuwa akikata kitambaa cha sare.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kunisomea barua nyingine?"

Nilimwomba radhi. Nikamwambia kwamba ile ya kwanza niliisoma vibaya, na kwamba nilitaka kuisoma upya bila istilahi hata moja. Aliweka mkasi chini.

Nikamuuliza, "Mjomba, suruali ikiraruka goti ukaishona, ikararuka pale pale ukaishona tena, mara ya ishirini kitambaa kinakuwaje?"

"Kinakuwa uzi mtupu," akajibu. "Hakuna kitambaa tena."

Nikamweleza kwamba utumbo wake umeshonwa pahali pamoja kwa miaka mingi, tena na fundi mwenye haraka. Kila shono lina kigezo chake, na fundi anayekata nguo kwa kufuata nguo aliyoikata jana, si kwa kigezo cha asili, hatimaye hukata kombo. Mjomba akatikisa kichwa. Jambo hilo alilijua kuliko mimi. Kisha nikamuuliza kule kiwandani Athi River ni nani aliyekuwa akizuia nguo mbovu zisitoke.

"Mkaguzi. Anasimama mwisho wa mstari. Akiona kombo, anarudisha au anatupa."

"Sasa Mjomba, katika saratani nyingi za utumbo, mafundi huharibika kwanza. Huanza kurundika nguo sakafuni, kila mtu akaona kuna kasoro. Mkaguzi huondoka mwishoni. Katika utumbo kama wako..."

Hakuningoja nimalize. "Mkaguzi ndiye anayeondoka kwanza."

"Naam."

Alikaa kimya akiizungusha chaki vidoleni. "Basi nguo mbovu zinatoka na mstari bado unaonekana safi," akasema. "Na mimi nikajiona mzima kwa kuwa sikuona rundo."

Sijapata kusikia maelezo bora ya jambo hilo katika lugha yoyote.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua limekuwa likimkaba miaka miwili: "Na wanangu?" Nikamjibu kwa uaminifu, kwani sikutaka kusahihisha kosa moja kwa kosa jingine. Nilimwambia kwamba kuna saratani za utumbo ambazo hakika hurithiwa, ila hizo ni habari nyingine. Nilimwambia kwamba mwelekeo wa kupata mchochota wenyewe huonekana katika baadhi ya familia, kwa hiyo binti yake akiendesha damu asikubali kuambiwa ni amiba miaka mitano. Tena nikamwambia kwamba mzazi akipatwa na saratani ya utumbo mpana, ni vyema wanawe wamwarifu daktari ili nao wachunguzwe kwa wakati. Lakini ule uharibifu uliotajwa katika barua ni wake peke yake, na hakuna aliyemletea wala atakayempelekea.

"Si nasaba," akasema.

"Si nasaba, Mjomba."

"Ungeniambia hivyo siku ile," akasema, akachukua mkasi akaendelea kukata.

Alipimwa mwezi wa Juni. Katika sehemu moja bapa ya utumbo, ambayo ilidhihirika tu baada ya kunyunyiziwa rangi, zilikutwa seli zilizopotoka sana ingawa zilikuwa hazijapenya ukuta. Madaktari walishauri utumbo mpana wote uondolewe, kwa kuwa penye eneo moja kama hilo mara nyingi huwa na mengine yaliyokwisha kupoteza mkaguzi. Mjomba alifanyiwa upasuaji mwezi wa Agosti mwaka wa 2024. Leo anaishi na mfuko ubavuni mwa tumbo, na kwa kuwa fundi ni fundi, ameushonea vifuniko vya khanga vitano, kila kimoja kina pindo.

Je, angekwenda mwaka wa 2022 angeuhifadhi utumbo wake? Nilimuuliza daktari swali hilo, akaniambia kwamba hakuna awezaye kulijibu. Kwa hiyo nimebaki nalo. Binti wa Taveta, kama tulivyokwisha kumwita kwa utani, hakupata kuwa wa Taveta. Anafundisha shule ya msingi na hajawahi kunitajia jambo hilo. Nami sijathubutu kulianzisha.

Mpenzi msomaji, sikuandika haya ili kulishutumu neno "vinasaba". Walioliunda walitumia kanuni za lugha barabara, na katika maabara au mahakamani, pale baba wa mtoto anapotafutwa, neno hilo lafaa mno, kwani nasaba ndiyo inayotafutwa hasa. Kosa ni la aliyelibeba kutoka pahali hapo hadi kitandani pa mgonjwa pasi na kuuliza linaamsha nini. Neno lina ukoo wake, nao ukoo huo huingia nalo nyumbani. Hali ni iyo hiyo kwa neno "uvimbe". Mwandishi wa Kirumi Celsus, alipoorodhesha dalili za mchochota katika karne ya kwanza, aliitaja "tumor", yaani kuvimba, pamoja na wekundu, joto na maumivu. Madaktari wa baadaye wakalitwaa neno lilo hilo kuitia donge la saratani. Utata huo basi haukuanza na Kiswahili. Lakini sisi tunalo neno "mchochota", na ningalilitumia siku ile, Mjomba hangalilala usiku ule akipapasa tumbo kutafuta donge.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tumelishangilia hilo katika makongamano. Hata hivyo, barua ya Mjomba ilikuwa ya Kiingereza, na mtu wa kuifasiri alikuwa mwanafunzi aliyependa mlio wa istilahi kuliko uso wa msikilizaji. Tunapofunzwa nadharia za tafsiri, hutuhimiza tutafute kisawe. Ningeomba wahadhiri wetu watuongezee zoezi moja dogo: baada ya kupata kisawe, tumpelekee mtu asiyesoma, tumwombe atuambie alichosikia. Akisema nasaba, tumsadiki.

Mwezi uliopita Mjomba aliniomba nimwandikie maelezo hayo yote katika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Anasema kliniki huwa na wagonjwa wengine wenye barua zilizokunjwa mifukoni, nao hawana mpwa chuoni. Nimeandika rasimu ya kwanza nikampelekea. Aliisoma akiwa ameshika chaki ya kukatia nguo, na kila alipokwama alitia alama. Nimehesabu alama 11. Ninaishughulikia rasimu ya pili.